Hundi yangu ya mafao imekatwa dola 8,400. Zimekwenda wapi, na siku 60 ni za nini?

#1 MamaWawili
Wakuu salaam. Naomba nielekezwe taratibu, maana wiki hii usingizi umenipaa.

Nimefanya kazi hospitali ya kaunti hapa Marekani miaka tisa, msaidizi wa wauguzi, karibu yote zamu ya usiku. Mwezi wa pili nikaacha, nikahamia hospitali ya binafsi iliyo karibu na shule ya watoto. Mfuko wa watumishi wa umma ukaniletea bahasha nene. Ndani mna fomu ya kuchagua: michango yangu niiache hukohuko, ihamishiwe akaunti nyingine ya uzeeni, au nilipwe mkononi. Nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo. Nikatia tiki palipoandikwa nilipwe, nikasaini, nikapeleka posta.

Michango ilikuwa dola 42,000. Hundi imekuja ya 33,600. Nimeiingiza benki, sijaigusa. Nilikusudia kumalizia nyumba Kibaha, imebaki kupaua. Sasa mwenzangu kazini, Mmarekani, akaniuliza kama nimefanya rolova. Nikamwambia hilo neno silijui. Akashika kichwa. Anasema nina siku 60 tu tangu nipokee. Nimehesabu, leo ni ya 41.

Nina miaka 46. Hizo 8,400 ni faini? Zinarudi? Na nikizipitisha siku 60, nini kinanipata?

#2 KijanaWaMabibo
Pole dada. Hiyo ni faini ya kuchukua kabla ya umri. Binamu yangu Atlanta walimkata hivyohivyo, asilimia 20, na hazikurudi. Samehe, paua nyumba yako, maisha yaendelee.

#3 FundiRitani
Mabibo, umechanganya vitu viwili, na kosa hili limewagharimu wengi. Najaza ritani za watu, yaani fomu za kodi za kila mwaka, Houston mwaka wa 14 sasa.

Asilimia 20 si faini, ni kodi ya zuio. Ukilipwa mwenyewe fedha ambayo ingeweza kuhamishwa, sheria ya kodi ya shirikisho inaulazimu mfuko ushike moja ya tano na kuipeleka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa jina lako kabla hujaiona hundi. Hata ukiwapigia magoti hawawezi kuacha. Mkato huo unakwepwa kwa njia moja: fedha itoke mfuko kwa mfuko, isipite mkononi mwako. Hiyo ndiyo rolova ya moja kwa moja.

Faini ni nyingine. Ni asilimia 10, haikatwi kwenye hundi, inakusubiri kwenye ritani ya mwaka huo kama hujafika miaka 59 na nusu na huna msamaha.

Dada, una siku 19. Ukifungua akaunti ya IRA, yaani akaunti binafsi ya uzeeni, ukaweka dola 42,000 zote kabla siku ya 60 haijapita, kwa hesabu ya kodi ni kama hukuchukua kitu. Zile 8,400 utazidai kwenye ritani, zitaonekana kwenye fomu 1099-R, kisanduku cha 4, kama kodi iliyokwisha kulipwa. Tabu ni kwamba mkononi una 33,600. Zilizopungua uzitoe mfukoni. Ukiweka 33,600 peke yake, zile 8,400 zinahesabiwa umezila: zinatozwa kodi ya mapato, na juu yake faini ya dola 840.

#4 KijanaWaMabibo
Nimekosolewa, nimekubali. Lakini hebu nielewe. Serikali imeshika 8,400 zake, halafu atafute 8,400 nyingine aweke, ndipo mwakani warudishe zile za kwanza?

#5 BabaZuhura
Ndivyo, na mimi yamenikuta. Nilikuwa naendesha basi la shule la wilaya, nikaacha 2017. Zilikuwa dola 19,000, nikapata 15,200. Siku ya 55 nikazihamishia IRA zote 15,200 nikajiona nimewahi. Habari ya zile 3,800 sikuijua. Ilipofika kujaza ritani nikaambiwa nilizitumia. Nizitumie wapi, wakati wanazo wao! Kodi yake nikalipa, na faini ya dola 380 nikalipa.

Kinachoniuma ni kwamba maelezo yote yalikuwemo kwenye bahasha. Mfuko lazima ukupe karatasi ya maelezo ya kodi angalau siku 30 kabla ya kukulipa. Mimi kurasa za mbele nilizitupa, nikabaki na fomu. Dada MamaWawili, itafute bahasha yako, hata kama iko chini ya nguo za watoto.

#6 NesiWaDallas
Kabla hajakimbilia IRA, swali la kwanza: fedha imetoka mpango gani? Watumishi wa umma wana mipango kadhaa, na kila mmoja una tabia yake. Kama ni 457(b) ya serikali, ile akiba ya uzeeni inayokatwa kwenye mshahara, ukiacha kazi hakuna faini ya asilimia 10 hata ukiwa na miaka 30. Kodi ya kawaida tu. Lakini ukiihamishia IRA, inavaa sheria za IRA, na ukiichomoa kabla ya 59 na nusu faini inakupata. Kwa hiyo ushauri wa kuhamisha haraka unaweza kumfunga kamba mtu ambaye alikuwa huru. Nimeona nesi mwenzangu akifanya hivyo na miezi sita baadaye mume akaugua.

#7 FundiRitani
Nesi amesema kweli kuhusu 457(b), namshukuru. Ila dada anasema "michango yangu" imerudishwa baada ya kuacha kazi. Hiyo kwa kawaida ni fedha ya pensheni yenyewe, ambayo kwa kodi iko kundi la 401(a). Hapo faini ipo. Msamaha wa mwaka wa 55 haumhusu. Huo ni wa aliyeacha kazi mwaka anaotimiza miaka 55 au baadaye, na polisi na zimamoto wanaanzia 50. Yeye ana 46.

#8 NesiWaDallas
Inaweza kuwa vyote viwili. Wengi hukatwa pensheni na 457(b) kwa pamoja bila kujua, kwenye hati ya mshahara ni mistari miwili tu. Aangalie.

#9 MzeeWaKaskazini
Naongeza la kwangu, labda litamfaa mwingine. Miaka ile nilipoacha kazi ya manispaa nilichagua ihamishwe moja kwa moja. Ikaja hundi nyumbani, kwa posta, na jina lililoandikwa si langu, ni la taasisi ya uwekezaji, halafu mbele yake "kwa manufaa ya" fulani. Nikadhani wamekosea. Ikakaa kwenye kabati la vyombo miezi minne.

Siku nimeipeleka, binti wa kaunta akaniambia mzee usihofu, hundi ya namna hii si malipo kwako, ni uhamisho, hata kama imepita mikononi mwako. Haikukatwa asilimia 20 na haikuwa na habari ya siku 60. Kwa hiyo kabla hujashtuka tazama hundi imeandikwa jina la nani. Na fomu 1099-R ya uhamisho wa namna hii huwa na herufi G kwenye kisanduku cha 7.

#10 KijanaWaMabibo
Mzee miezi minne kwenye kabati la vyombo! Mama alikuwa hapiki?

#11 MzeeWaKaskazini
Alikuwa safarini Pangani, kijana wangu.

#12 MtuWaMtwapa
Nimesikia ukipitisha siku 60 unaandika tu barua kwamba ulichelewa, wanakubali. Tangu 2016 ipo hiyo.

#13 FundiRitani
Ipo, lakini si kwa sababu yoyote. IRS imeorodhesha sababu ambazo unaweza kujithibitishia mwenyewe kwa barua: benki ilikosea, hundi ilipotea bila kuingizwa benki, wewe au ndugu wa karibu aliugua sana, msiba wa nyumbani, nyumba iliharibika vibaya, posta ilikosea, na nyingine za namna hiyo. "Sikujua" haimo. Na kikwazo kikiondoka uweke fedha haraka, siku 30 hivi. MamaWawili asitegemee mlango huo wakati ana siku 19 halali.

#14 MwalimuMstaafu
Watoto wangu hamjambo. Nawasoma kutoka Morogoro. Nimeona niseme neno, ingawa sheria za huko sizijui.

Mimi nilistaafu 2016, nikiwa mwanachama wa mfuko wa zamani, tukapewa mkupuo nusu na nusu ikawa pensheni ya mwezi. Mkupuo ule nilinunua Hiace. Dereva wa kwanza alikuwa mtoto wa dada yangu. Mwaka mmoja na miezi miwili, gari likawa juu ya mawe. Leo ninachokula ni ile pensheni ya mwezi niliyokuwa nikiidharau. Mwanangu MamaWawili, kama kuna njia ya kuirudisha fedha ikae, irudishe.

#15 KijanaWaMabibo
Shikamoo mwalimu. Siku hizi mkupuo si nusu tena, ni asilimia 33.

#16 AfisaUtumishi
Shikamoo mwalimu. Mabibo, 33 ilianza Julai 2022 baada ya kikokotoo kuunganishwa. Kabla yake waliotoka mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF walikuwa wanapata 50 na wengine 25. Ile ya 2018 ya kuwashusha wote hadi 25 ilisitishwa na Rais Magufuli Desemba mwaka huohuo. Halafu bajeti ya 2024/25 ikaipandisha 33 tena: waliokuwa kundi la 50 wanapata 40, waliokuwa kundi la 25 wanapata 35. Ukisema 33 leo unamtisha mtu bure.

#17 MwalimuMstaafu
Marahaba wanangu. Hata ingekuwa 60, Hiace ni Hiace.

#18 MtuWaMtwapa
Kwetu Kenya aliyeingia mpango mpya wa watumishi wa umma, ule wa Januari 2021, anachukua theluthi moja kwa mkupuo. Theluthi mbili zinanunua pensheni ya maisha au zinaingia mfuko wa kuchota kidogo kidogo, usiozidi asilimia 15 kwa mwaka, kwa miaka isiyopungua 10. Na tangu 27 Desemba 2024 aliyefika umri wa kustaafu hatozwi kodi kwenye pensheni. Nikisoma ya Marekani naona sisi tumepewa uhuru mdogo na usalama mkubwa. Huko mtu anatia tiki moja akiwa na usingizi na miaka tisa inaondoka.

#19 DadaWaSeattle
Swali la pembeni. Nina michango NSSF Dar ya kabla sijaja huku. Naweza kuihamishia IRA?

#20 FundiRitani
Hapana. IRA hupokea kutoka mipango inayotambuliwa na sheria ya kodi ya Marekani tu. NSSF fuatilia hukohuko.

#21 MamaWawili
Asanteni sana wote, Mungu awazidishie. Bahasha nimeipata, kweli chini ya nguo za watoto, BabaZuhura umenikomesha. Karatasi ya kodi imo, kurasa sita. Sehemu moja imeandikwa 401(a). FundiRitani alisema kweli. Na NesiWaDallas naye, maana kwenye hati za mshahara nimeona mstari wa pili wa dola 40 kila malipo, 457(b). Hiyo bado iko hukohuko, hawajailipa. Sikuwa nikijua ninayo.

Sasa 33,600 zipo. Nitoe wapi 8,400 kwa wiki mbili na siku chache? Na mafundi Kibaha wanasubiri bati.

#22 MjenziWaKigamboni
Mimi nitasema wasiyotaka kusema. Paua. Nyumba isiyo na paa mvua moja ya masika inakula tofali na plasta. Piga hesabu: kodi ya dola 42,000, faini 4,200, bado unabaki na fedha ya kumaliza nyumba ambayo itakulaza uzeeni bila kodi ya pango. Hiyo IRA utaishika ukiwa na 59 na nusu, miaka 13 na zaidi. Nani amekuhakikishia utakuwa Marekani?

#23 BabaZuhura
Mjenzi, kodi ya dola 42,000 hujaiandika ni ngapi, umeipitia juujuu. Hizo zinarundikwa juu ya mshahara wake wa mwaka huu. Jimbo lake nalo likiwa na kodi ya mapato, linachukua lake. Akijumlisha na faini, zile 8,400 zilizoshikwa huenda zisitoshe, na Aprili akadaiwa zaidi.

#24 MjenziWaKigamboni
Nakubali kodi. Sikubali kwamba nyumba ni hasara. Wangapi humu wana akaunti nono na mama zao wanalala kwenye nyumba inayovuja?

#25 DadaWaSeattle
Na wangapi walituma fedha ya nyumba kwa kaka, wakakuta msingi una nyasi? Mimi ni mmoja wao. Miaka saba ya jasho langu ni tofali 2,000 na mti wa mpapai.

#26 NesiWaDallas
Kuna jambo hatujamwambia, na sasa ni kuchelewa kwake, ila kwa wanaosoma: miaka tisa ni mingi. Mifuko mingi ya umma ukishatimiza miaka mitano unakuwa na haki ya pensheni ya maisha ukifika umri, hata kama uliacha kazi zamani. Ukirudishiwa michango yako, unaiuza haki hiyo. Na kwa wale wa majimbo kama Ohio, ambako watumishi wengi wa umma hawakatwi Social Security, mfuko wa uzeeni wa taifa, pensheni hiyo ndiyo uzee wao.

#27 AfisaUtumishi
Halafu waliokuwa na pensheni ya namna hiyo walikuwa wakipunguziwa Social Security waliyoichangia kwingine.

#28 FundiRitani
Walikuwa. Sheria iliyosainiwa 5 Januari 2025 imefuta makato hayo. Mwambieni kila mwalimu na mfanyakazi wa kaunti mnayemjua.

#29 MdogoWaMarehemu
Salaam. Samahani kuingilia, naona humu kuna wajuzi. Kaka yangu amefariki mwezi uliopita. Alikuwa mtumishi wa jiji huko Texas miaka 15, ana akaunti ya kustaafu yenye dola 90,000 hivi. Fomu ya wanufaika aliijaza 2011 kabla hajaoa: nusu mama yetu, yuko Tanga, nusu mimi. Baba alishatangulia. Ameacha mke, mtoto wa kiume na wa kike. Mke na watoto hawamo kwenye fomu. Shemeji analia, mimi silali. Sisi Waislamu. Nimeletewa fomu nichague nilipwe vipi. Nifanyeje?

#30 BabaZuhura
Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Pole sana kaka.

#31 NesiWaDallas
Pole sana. Usisaini chochote leo.

#32 UstadhWaChumbageni
Pole ndugu yangu. Kwa faraidhi, mirathi ya Kiislamu, mambo yako wazi: mke ana thumni (moja ya nane) kwa kuwa kuna watoto, mama ana sudusi (moja ya sita), kilichobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Wewe ndugu, kwa kuwapo mtoto wa kiume, huna fungu. Nusu iliyoandikwa kwa jina lako ni amana mkononi mwako.

#33 AfisaUtumishi
Ustadh, kwa heshima, je, hiyo ni tarika, mali ya urithi aliyoiacha marehemu, kweli? Nimewasikia masheikh wanaosema kile ambacho mfuko unamlipa mtu aliyetajwa ni kama zawadi ya mfuko, hakikuwa mali mkononi mwa marehemu.

#34 UstadhWaChumbageni
Hoja hiyo ipo, na ninaiheshimu kwa sehemu inayotoka kwa mwajiri. Lakini iliyokatwa kwenye mshahara wa marehemu ni jasho lake. Hiyo siioni kuwa ya mwingine zaidi ya warithi wake.

#35 FundiRitani
Pole sana kaka. Mimi niseme ya kodi na sheria ya hapa, ya dini namwachia Ustadh.

Kwanza, hapa fomu ya wanufaika ina nguvu kuliko wosia. Lakini Texas mali iliyochumwa ndani ya ndoa ni ya wote wawili, kwa hiyo shemeji anaweza kuwa na dai kwenye sehemu iliyochangwa baada ya ndoa. Aone wakili kabla mfuko haujalipa.

Pili, wewe si mwenzi, huna nafasi ya siku 60. Hundi ikija kwa jina lako imekwisha, haihamishiki tena, na yote inakuwa kipato chako cha mwaka huu. Unachoweza ni kuagiza ihamishwe moja kwa moja kwenda IRA ya urithi, yenye jina la marehemu na lako. Faini ya asilimia 10 haipo kwenye fedha ya msiba. Kisha una miaka 10 ya kuimaliza.

#36 MzeeWaKaskazini
Fundi, hapo kwenye miaka 10 nakusahihisha kidogo. Kijana amepishana na kaka yake miaka mingapi?

#37 MdogoWaMarehemu
Sita.

#38 MzeeWaKaskazini
Basi kanuni ya miaka 10 haimfungi. Sheria ya tangu 2020 imemwacha nje mnufaika ambaye hajapitwa na marehemu kwa zaidi ya miaka 10. Anaweza kuchota kidogo kila mwaka kwa makadirio ya umri wake. Mama naye ni mkubwa kwa marehemu, yumo humohumo. Mimi nilirithi ya mdogo wangu, ndipo nikayajua.

#39 FundiRitani
Umenisahihisha sawasawa, mzee. Nilijibu haraka. Ila mama ana ugumu mwingine. Anaishi Tanga, si raia wala mkaazi wa hapa. Akilipwa, zuio si 20, ni 30, maana Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kodi. Kwenye dola 45,000 zinakatwa 13,500. Anaweza kuomba namba ya mlipa kodi na kujaza ritani ya asiye mkaazi, 1040-NR, kudai kilichozidi. Na IRA ya urithi, taasisi nyingi hazitaki mteja anayeishi nje.

#40 DadaWaSeattle
Kwa nini mdogo wa marehemu asikatae tu fungu lake liende kwa shemeji?

#41 FundiRitani
Kukataa kunaruhusiwa, kwa maandishi, ndani ya miezi tisa, na uwe hujapokea chochote. Lakini ukikataa huchagui liende wapi. Linafuata fomu na kanuni za mfuko. Kama kanuni ni aliyebaki kwenye fomu achukue, litakwenda lote kwa mama, na zuio la 30 litaongezeka. Aulize mfuko kwa maandishi kabla.

#42 MjaneWaMinneapolis
Mdogo wa marehemu, Mungu akujaze subira. Naandika kwa ajili ya shemeji yako, iwapo atapata chochote kwa jina lake.

Mimi nilifiwa nikiwa na miaka 41. Mume alikuwa fundi wa barabara wa kaunti. Wakaniambia mke ana bahati, anaweza kuichukua ikawa IRA yake kabisa. Nikafanya hivyo wiki ya tatu ya msiba, sijui hata nilikuwa nasaini nini. Mwaka uliofuata nikahitaji dola 12,000 za kodi ya nyumba na kumpeleka mwanangu hospitali. Nikazichota. Faini dola 1,200. Ndipo nikaelezwa kwamba ningeiacha kama ya urithi, faini isingekuwepo, kwa sababu ni fedha ya msiba. Ningeweza kuigeuza yangu baadaye, nikikaribia umri. Hakuna aliyeniuliza nina miaka mingapi wala nitakula nini mwaka huo.

#43 NesiWaDallas
Dada, hili bandiko lako nimelihifadhi. Kila mjane mwenye umri mdogo alione.

#44 MdogoWaMarehemu
Nimesoma yote mara mbili. Nimeongea na mama kwa simu. Anasema yeye anataka fungu lake la sudusi, lisizidi hata senti, na kwamba watoto wa mwanawe hawatalala na njaa kwa ajili ya karatasi ya 2011. Shemeji ana miadi na wakili Jumatano. Mimi nafikiria IRA ya urithi, niwe nachota kila mwaka nawapa watoto.

#45 BabaZuhura
Kodi ya kila mchoto itakuwa yako, ujue. Kuwapa si tatizo, mwaka 2025 unaweza kumpa kila mmoja hadi dola 19,000 bila kujaza fomu ya zawadi.

#46 UstadhWaChumbageni
Na kodi hiyo iandikwe, itolewe kwenye fedha yenyewe kabla ya kugawa. Usiibebe peke yako, si haki. Na muandikishane mbele ya mashahidi, umri wako hauko mkononi mwako.

#47 MjenziWaKigamboni
MamaWawili kimya. Siku zinakwenda.

#48 MamaWawili
Nipo, nilikuwa zamu. Leo ni siku ya 52. Nimefungua IRA Jumatatu, nikaweka 33,600. Jana nimepokea mchezo wetu wa akina mama, dada wa zamu ya tano alikubali tubadilishane, nikapata 5,000, nazo nimeziweka. Zimebaki 3,400. Mume anasema inatosha, tukubali kodi na faini ya 340. Mafundi Kibaha nimewapigia, wamefunika kuta na maturubai.

#49 BabaZuhura
Dada, siku nane. Nina 2,000 nakukopesha, utarudisha ritani ikitoka. Si riba, si chochote.

#50 MjenziWaKigamboni
Mimi 700. Sijabadili maoni yangu juu ya paa. Maturubai hayavuki masika.

#51 KijanaWaMabibo
Weka na mia yangu. Nilianza uzi huu kwa kumpotosha.

#52 FundiRitani
Tunza risiti ya kila uwekaji na tarehe yake. Waambie IRA waandike ni rolova, si mchango wa kawaida, la sivyo kikomo cha mchango wa mwaka kitakusumbua. Na ile 457(b) yako usiiguse mpaka umsome tena Nesi kule juu.

#53 MamaWawili
Imebaki 600. Kesho nina zamu hadi saa moja asubuhi, benki inafunguliwa saa tatu.